Saa Moja na Nusu Mpaka Mwanza

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko jina langu ni hili: ndege kati ya Mwanza na Dar es Salaam inachukua muda gani? Nimelijibu nikiwa dirishani, nikiwa nakula muhogo, na mara moja nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, ambaye hakung'oa mpaka alipopata jibu. Sasa nimestaafu. Nyinyi mliobaki dirishani mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu ya kuuza tiketi, na mmesema nisiandike kama hotuba. Nitajitahidi. Vyeo nitaviruka. Havikuwa vingi, na sijawahi kupata mteja aliyeuliza cheo changu.

Niliingia kazini miezi michache baada ya kumaliza kidato cha nne. Ofisi ilikuwa chumba kimoja karibu na stendi ya mabasi mjini Shinyanga, kati ya fundi saa na duka la pembejeo, kwa hiyo tiketi zetu zote zilinuka dawa ya pamba. Mkubwa wangu alikuwa Bi Hamisa, mama wa Tanga aliyekuja huku na mumewe wa reli, akabaki hata baada ya mume kufariki. Alivaa miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu na hakupenda kurudia neno.

Ukutani kulikuwa na ramani ya nchi. Pale Mwanza palipigiliwa msumari mdogo, na kwenye msumari ulifungwa uzi mweusi wa kushonea. Mteja akiuliza umbali, unauvuta uzi mpaka mji anaoutaka, unaubana kwa ukucha, kisha unaupeleka kwenye mstari wa vipimo chini ya ramani. Mwanza mpaka Dar es Salaam ilikuwa kama kilomita mia nane na hamsini hewani. Kwa barabara ni zaidi ya elfu moja na mia. Ndege kubwa ilikwenda kwa saa moja na nusu hivi, na ile ndogo ya pangaboi karibu saa mbili. Siku ya kwanza niliyakariri hayo kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha, nikaona kazi nimeimaliza.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Aliuliza akipanda ndege kesho yake atafika Dar saa ngapi. Nilivuta uzi kwa madaha, nikamtajia kilomita, nikamwambia saa moja na nusu tu. Alifurahi. Alikuwa ameshafika mlangoni Bi Hamisa alipomwita.

"Baba, nyumbani unatokea wapi?"

"Ibadakuli."

"Na Dar unafikia wapi?"

"Mbagala, kwa shemeji yangu."

"Basi leo ulale Mwanza. Kesho uamke kabla ya kuku. Na huyo shemeji mwambie akuwekee chakula cha jioni, cha mchana wale wenyewe."

Fundi alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbegu zilizooza. Alipoondoka, Bi Hamisa aliushika ule uzi akauachia ukaning'inia. "Huu uzi ni wa rubani," alisema. "Abiria hapiti hapa. Abiria anatoka kwenye mlango wake na anaingia kwenye mlango mwingine. Muulize milango kwanza, halafu ndiyo umtajie ndege."

Nilimuuliza kama niandike maneno hayo mahali. Akasema nikiyaandika nitayasahau. Sikumwelewa, lakini niliuliza milango kwa miaka mingi baada ya hapo.

Zamani hizo tiketi iliandikwa kwa mkono juu ya karatasi za kaboni, na ukikosea herufi moja ya jina unaanza upya. Wasukuma wenzangu walinipa taabu hapo, maana mtu alikuwa na jina la nyumbani, la ubatizo na la kwenye kitambulisho, na ndege ilitaka moja. Kuweka nafasi tulipiga simu Mwanza, na simu ilipokatika tulimtuma kondakta wa basi na kikaratasi. Kondakta mmoja aliwahi kurudi na jibu: "Wamesema nafasi ipo, ila mimi nimeipandisha bei kidogo." Huyo hatukumtuma tena.

Ofisi ilipokua nilipelekwa Geita, nikapewa meza ndani ya duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya mabomba. Huko nilijifunza watu. Walikuja mafundi wa migodi mikubwa wenye kofia ngumu, walikuja wachimbaji wadogo waliotoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, na vumbi likiwa bado masikioni, na walikuja mabroka wa dhahabu, ambao hawakuwahi kukiri kwamba wana haraka hata walipokuwa wanahema. Wengi wao walikuwa wanapanda ndege kwa mara ya kwanza. Kijana mmoja wa Kigoma alifika na mfuko wa salfeti uliomkunja mgongo.

"Kaka, humo kuna nini?" nilimuuliza.

"Sampuli. Napeleka Dar ikapimwe."

"Sampuli ya mlima mzima?"

"Nikipunguza, na dhahabu itapungua."

Nilimshawishi abebe mawe machache. Aliyachagua kwa kuyalamba moja moja, na duka zima likasimama kumtazama.

Geita ilikuwa na kivuko. Leo mnapita darajani na mnaona ni jambo la kawaida, lakini wakati ule safari ya kwenda uwanja wa ndege Mwanza ilikwamia kwenye maji pale Busisi, na foleni ya magari haikujua kwamba una tiketi. Broka mmoja wa Katoro alinijia juu baada ya kuachwa na ndege.

"Wewe si uliniambia Dar ni saa moja na nusu?"

"Nilikwambia utoke Katoro jana yake, mzee."

"Ulisema. Lakini ulisema taratibu. Saa moja na nusu ulisema kwa nguvu."

Nilicheka, na yeye akacheka. Nikamtafutia nafasi nyingine. Baadaye nililifikiria sana neno lake kuliko alivyokusudia.

Niliporudi Shinyanga, Bi Hamisa alikuwa ameshastaafu na ramani ilikuwa imetolewa. Mahali pake paliwekwa kompyuta. Kompyuta haikukosea majina na haikuhitaji kondakta. Ukiandika miji miwili inakuletea saa ya kuondoka, saa ya kutua na muda wa hewani, yote kwenye mstari mmoja. Nilianza kuwasomea watu mstari huo. Wateja walikuwa wengi, simu za mkononi zilikuwa zinalia bila kupumzika, na kuuliza milango kulichukua muda. Sikuacha siku moja. Niliacha kidogo kidogo, kama mtu anavyoacha kwenda kanisani.

Hapo ndipo lilipotokea jambo la Kabula, na ndilo hasa lililonifanya nikubali kuandika.

Kabula ni mwalimu, anafundisha Dar es Salaam. Baba yake, Mzee Nkwabi, alikuwa mfugaji wa kijiji kimoja ndani ya Kishapu, mbele ya Mhunze. Nilimfahamu mzee kwa sababu binti yake alimpandisha ndege mara mbili kwenda kutibiwa macho, na mara zote mbili alinisimulia jinsi mawingu yanavyofanana na pamba iliyomwagwa bila mpango. Mimi Kabula aliniita Baba Sayi, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Wakati wa masika alinipigia simu asubuhi na mapema akilia. Baba yake amefariki usiku, nyumbani, na kesho yake wanazika. Nilimpatia nafasi kwenye ndege ya kwanza ya siku ya mazishi. Aliniomba kitu kimoja: wazee wakinipigia niwaeleze safari yake, maana yeye simu yake itakuwa imezimwa akiwa hewani. Alitaka kumwona baba yake uso kabla hajafunikwa. Hakuwa ameomba kingine kwa mtu yeyote.

Siku ya mazishi ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne hivi simu ililia. Alikuwa Mzee Maganga, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa anasimamia msiba. Nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Karani, ndege ya kutoka Dar mpaka Mwanza inachukua muda gani?"

"Saa moja na nusu, mzee."

"Iliondoka?"

"Iliondoka saa moja asubuhi."

"Kwa hiyo saa mbili na nusu alikuwa Mwanza."

"Ndiyo, mzee."

"Asante, Karani."

Akakata. Mbele yangu kulikuwa na wateja wanne na mmoja alikuwa anagonga meza kwa ufunguo. Sikusema kwamba kuna kusubiri mizigo, kuna kutoka uwanjani mpaka stendi, kuna gari linalosubiri kujaa, kuna lami mpaka Maganzo, halafu kuna kukunja kushoto na kuingia kwenye udongo wa mbuga uliolowa, ule mweusi ambao mvua ikinyesha unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko. Nilijua anakokwenda. Tiketi nilimkatia mwenyewe. Nilimsomea mzee mstari wa kompyuta nikaita mteja anayefuata.

Walizika saa nane. Kabula alifika alasiri, kwa miguu, viatu mkononi, maana gari lilikwama kilomita kadhaa nyuma. Wanaume walikuwa wanaosha majembe.

Mngedhani mambo yaliishia kwenye huzuni. Hayakuishia hapo. Msibani watu walikuwa wameshaambiwa kwamba binti alitua Mwanza saa mbili na nusu, na wamesubiri mpaka wamechoka. Jioni hiyo hiyo neno lilizunguka: alipita madukani. Mmoja wa wake za baba zake wadogo alimuuliza mbele ya watu, "Mwanza ulikuwa unachagua kitenge cha kumzikia?"  

Siku tatu baadaye alikuja ofisini kwangu. Hakukaa.

"Baba Sayi, Jumapili tunaanua matanga. Wazee watakaa kuzungumza mambo ya ukoo, na la kwangu litazungumzwa. Naomba uje. Useme tu safari ile ina urefu gani."

"Nitakuja."

"Hakuna anayenisikiliza mimi. Wewe wanakuamini. Wewe ndiye waliyekupigia."

"Nimesema nitakuja, mwalimu."

Sikwenda. Nilikuwa na sababu, na nilipozipanga kichwani zilionekana nzuri. Jumapili ni siku ya mapumziko. Barabara ni mbovu. Kishapu ilikuwa na wateja wetu wengi, na nikisimama pale kusema jibu langu lilikuwa pungufu, kesho yake nani atapanda kwa ofisi yetu? Ukweli ni mfupi zaidi ya hayo. Niliona aibu, na nikaona ni rahisi aibu hiyo ibebwe na mtu anayeishi mbali.

Baya zaidi lilikuja wiki iliyofuata. Luhende, kaka yake Kabula, alifika dirishani. Alikuwa kijana mtaratibu, alivua kofia.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba."

"Dada anasema safari haikuwa saa moja na nusu. Wazee wanasema wewe ndiye uliyesema. Mimi nimekuja kusikia kwako tu."

Nilikuwa na nafasi ya kuweka kila kitu sawa bila hata kunyanyuka kwenye kiti. Nikasema, "Ndege ni saa moja na nusu." Halafu nikaongeza, kama anayetoa zawadi, "Ukitaka nikuonyeshe kwenye kompyuta." Nikageuza kioo akaona. Alivaa kofia yake akaondoka. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo.

Kabula hakurudi tena Kishapu. Michango ya misiba na harusi aliituma. Yeye mwenyewe hakuja, na tiketi hakununua tena kwangu. Kila nilipoona jina linalofanana na lake kwenye orodha ya abiria nililisoma mara mbili. Nilirudi kuuliza milango, wateja wote, hata waliokuwa hawana muda. Wengi wenu mlinikuta nikiwa hivyo na mkanicheka kwamba nahoji watu kama mjumbe wa nyumba kumi. Sasa mnajua tabia hiyo nilikoitoa.

Nilipostaafu, zawadi yenu ya saa ya ukutani niliitundika, nikakaa chini yake wiki mbili bila kazi. Kisha nikapanda gari la Mhunze, na kutoka hapo bodaboda. Kiangazi kile barabara ilikuwa kavu na dereva alikimbia. Hata hivyo nilifika nimechoka.

Mzee Maganga alikuwa amekaa nje ya nyumba yake anachonga mpini. Amezeeka, lakini alinitambua kwa sauti nilipomwamkia.

"Karani wa ndege," alisema. "Kaa. Umekuja kuniuzia tiketi? Mimi safari yangu iliyobaki haina tiketi."

Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia yote. Kwamba aliponipigia nilijua barabara na mvua nikanyamaza. Kwamba binti aliniomba nije kwenye kikao nikaahidi na sikuja. Kwamba Luhende aliniuliza na nikamwonyesha kompyuta. Nilisema Kabula hakupita dukani popote, na kwa mvua ile kufika alasiri alikuwa amejitahidi kuliko mtu yeyote.

Aliendelea kuchonga. Nilidhani hajasikia.

"Karani," alisema mwishowe, "mimi nimeswaga ng'ombe mpaka Mwanza kabla hujazaliwa. Unadhani sijui Mwanza ilipo?"

Aliugeuza mpini upande wa pili.

"Nilijua hafiki. Ulipokubali ile saa mbili na nusu, nilijua hawezi kufika mpaka jioni."

"Sasa kwa nini mlizika, mzee?"

Aliweka panga chini. "Kaburi lilikuwa linaingia maji. Vijana walichota kwa ndoo, yanarudi. Ukuta wa upande wa kichwa ukaanza kumeguka. Udongo huu wa kwetu ukilowa unaujua. Tungesubiri jioni tungechimba jingine kwenye maji vilevile, na marehemu yuko ndani tangu juzi. Nikaamua tuzike."

"Ungewaambia watu hivyo."

"Niwaambie nini? Kwamba nimemlaza mdogo wangu kwenye tope? Tulitandika mabua chini, tukamshusha haraka watu wasione. Watu wakauliza mbona hamumsubiri binti. Nikasema, Karani wa ndege amesema alifika Mwanza saa mbili na nusu, angetaka angekuwa ameshafika." Aliufuta mpini kwa kiganja. "Ulinipa neno zuri. Ungenipa lile refu ningekosa pa kujificha."

Tulikaa hapo wazee wawili. Nilikuja nikidhani mzigo ni wangu peke yangu, na kusema kweli sikujisikia mwepesi kujua kwamba nilikuwa na mwenzangu. Kama ningefika ile Jumapili, angelazimika kusema la kaburi. Angesema, na watu wangeelewa, maana wote wanaishi juu ya udongo huo huo.

Nilimwambia tumpigie Kabula. Alikataa. Nilikaa tu. Baadaye akaniuliza kama namba ninayo. Nilikuwa nimeipata kwa Luhende, niliyemkuta zizini nilipofika. Nikapiga, nikaweka sauti ya nje kwa sababu mzee hasikii vizuri.

Kabula alimsikiliza baba yake mkubwa bila kumkatiza: kaburi, maji, mabua. 

"Upo na nani hapo?" Kabula aliuliza.

"Na Karani."

"Wengine?"

"Hakuna."

"Mimi niliulizwa habari ya kitenge mbele ya watu wote, baba mkubwa. Ita watu."

Mzee alinitazama. Mimi nikatazama simu. Akaita. Walitoka wanawake jikoni, akaja Luhende kutoka zizini, akaja shangazi Mbuke, dada wa marehemu na Mzee Maganga, anatembea kwa fimbo na kuuliza nani tena amekufa. Mzee Maganga alisimama, akasema yote upya, kwa Kisukuma safari hii, ili asibaki mtu wa kudai hakuelewa. Luhende alitazama chini. Kisha Kabula akasema, "Na wewe, Baba Sayi." Nikasimama na mimi. Niliwatajia safari ile yote, kuanzia uwanjani Dar mpaka pale alipovua viatu kwenye tope, na jinsi nilivyokaa kimya. Hakuna aliyenisaidia.

"Nimesikia," Kabula alisema. "Shule zikifungwa nitakuja. Nitalala kwa shangazi. Kwako, baba mkubwa, nitapita kusalimia, nikiweza. Sijui kama nitaweza."

Akakata. Mzee Maganga alinirudishia simu, akawageukia watu wake, akanyoosha mgongo.

"Amesema atakuja," alitangaza.

Shangazi Mbuke aligonga fimbo chini.

"Amesema atalala kwangu, na kwako hajui," alisema. "Sema yote."